Stempu kuukuu iliyochakaa: Namna ya kuitambua na kukadiria thamani yake

HUTOKEA mara nyingi kwamba mzee anapoaga dunia na matanga kuisha, jamaa hufungua sanduku lake la bati na kukuta barua za miaka mingi, zimefungwa kwa uzi na kingo zake zimeliwa na mende. Juu ya bahasha moja pana stempu yenye sura ya mfalme, kona moja imekatika na doa la kahawia limeenea usoni. Mmoja husema karatasi hizo zichomwe pamoja na takataka nyingine. Mwingine, aliyewahi kusikia kuwa stempu za kale huuzwa kwa mamilioni, huanza kuota utajiri.

Huenda wote wawili wakawa wamekosea. Thamani ya stempu iliyoharibika haitokani na umri wake pekee, wala haitoweki kwa sababu tu imechanika. Hutegemea maswali mawili ambayo sharti yaulizwe kwa utaratibu: kwanza, hiyo ni stempu gani? Pili, imeharibika kiasi gani? Anayeanza na swali la pili huweza kutupa mali au kununua takataka.

Mifano miwili yatosha kulidhihirisha jambo hili. Stempu ya kwanza duniani, ile Penny Black ya Uingereza, ilitolewa mwaka wa 1840. Licha ya ukongwe wake, nakala zaidi ya milioni 68 zilichapishwa na nyingi zingalipo. Iliyopasuka au kukatwa ukingo huuzwa kwa bei ya chini mno ikilinganishwa na iliyo nzima, kwa kuwa mnunuzi anaweza kupata nyingine bora.

Kinyume chake ni stempu ya senti moja ya British Guiana, nchi ambayo leo ni Guyana, iliyochapishwa mwaka wa 1856. Kona zake zote nne zimekatwa, uso wake umesugulika na karani wa posta aliitia vifupisho vya jina lake kwa kalamu. Mvulana wa miaka 12 aliyeigundua mwaka wa 1873 aliiuza kwa shilingi sita za Uingereza. Mnamo 2014 iliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 9.48 za Marekani, na mwaka wa 2021 ikauzwa kwa dola milioni 8.3. Sababu ni kwamba hakuna nyingine ya aina hiyo inayojulikana. Anayeitaka hana budi kuichukua na kasoro zake.

Katika kuitambua stempu ya kanda hii, hatua ya kwanza ni kusoma jina la nchi na aina ya fedha. Stempu za kwanza za Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki zilitoka mwaka wa 1890, nazo zilikuwa stempu za Uingereza zilizopigwa chapa nyingine juu yake na kupewa thamani kwa ana. Zanzibar nayo ilitumia stempu za India zilizopigwa chapa ya jina lake kuanzia 1895. Baada ya rupia kuondolewa, zilikuja za Kenya na Uganda mwaka wa 1922, zenye thamani kwa senti na shilingi. Tanganyika ilijumuishwa mwaka wa 1935, na Kenya huru ikatoa zake Desemba 12, 1963.

Hatua ya pili ni kuchunguza karatasi yenyewe. Stempu nyingi za makoloni ya Uingereza zina alama iliyofichika ndani ya karatasi, ambayo huonekana stempu inapomulikwa au kulazwa kifudifudi juu ya kitu cheusi. Stempu za Mfalme George V za Afrika Mashariki na Uganda zilikuwa na taji na herufi CA za kawaida. Kuanzia 1921 herufi hizo zikawa za mwandiko wa mkono. Picha ya mbele huweza kuwa ile ile, ilhali bei zikatofautiana.

Vivyo hivyo kuhusu vitundu vya ukingoni, ambavyo hupimwa kwa kuhesabu vilivyomo katika urefu wa sentimita mbili. Stempu za Mfalme George VI za Kenya, Uganda na Tanganyika, zilizotolewa kati ya 1938 na 1954, zilitobolewa kwa vipimo mbalimbali. Baadhi ni za kawaida kabisa, nyingine ni adimu. Ikiwa upande mmoja umeliwa, upande unaoukabili hutoa jibu. Hata hivyo, yafaa kupima upande wa juu na wa ubavuni pia, kwa kuwa vipimo vyake huenda visilingane.

Baada ya hayo ndipo kasoro zihesabiwe: mpasuko, mkunjo, kona iliyopotea, meno yaliyofupika, rangi iliyopauka kwa jua, na pale ambapo karatasi imekonda kwa nyuma kutokana na kubanduliwa vibaya. Madoa ya kahawia yaletwayo na unyevu ni adui mkubwa, hasa katika miji ya pwani. Stempu ya kawaida yenye kasoro kubwa aghalabu haifikii hata sehemu moja kwa kumi ya bei iliyo katika katalogi, kwa kuwa bei hizo huhusu stempu nzuri, tena ni za duka linapouza, si linaponunua.

Lakini si kila doa la wino ni uharibifu. Mwaka wa 1891, stempu za thamani fulani zilipokwisha Mombasa, maafisa waliandika thamani mpya kwa mkono juu ya stempu nyingine na kutia vifupisho A.D. au A.B. Asiyejua angedhani mtoto alichezea kalamu. Kwa upande mwingine, stempu iliyo safi kupita kiasi nayo yapaswa kushukiwa. Zile za Kenya na Uganda za miaka ya 1922 hadi 1927 zilifikia thamani ya pauni 100, na nyingi za thamani ya juu zilitumiwa kulipia ushuru wa hati. Walaghai wamewahi kufuta wino huo ili wauze stempu kana kwamba haijatumika.

Kosa linaloangamiza thamani zaidi hufanywa nyumbani, kwa nia njema. Stempu nyingi za makoloni zilichapishwa kwa wino unaoyeyuka, makusudi ili watu wasifute muhuri na kuzitumia tena. Ukiziloweka, rangi huondoka pamoja na uchafu. Sabuni, pasi ya moto na utepe wa gundi navyo huacha madhara yasiyofutika. Isitoshe, stempu iliyo kwenye bahasha yake isibanduliwe. Muhuri unaosomeka vyema, kwa mfano wa posta ya Wajerumani iliyokuwa Lamu hadi 1891, huweza kuwa na thamani kuliko stempu yenyewe.

Lililo salama ni kuishika kwa kibano, kuihifadhi mahali pakavu, kuipiga picha mbele na nyuma kando ya rula, na kutafuta maoni ya wajuzi zaidi ya mmoja kabla ya kupokea fedha za mnunuzi wa kwanza. Iwapo dalili zote zaonyesha ni adimu, wataalamu kama wale wa Chama cha Kifalme cha Wakusanyaji Stempu cha London huichunguza na kuitolea cheti. Kwa stempu ya kawaida, gharama ya cheti yaweza kuzidi bei yake.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Jamaa waliofungua sanduku la mzee hawahitaji kuchoma wala kuota. Waisome kwanza ile stempu, kisha waamue.