Kabla ya Kumpeleka Mzee Kituoni, Chunguza Haya

Mzee aliyepata kiharusi au kuvunjika nyonga bado huhitaji matunzo na mazoezi baada ya kuruhusiwa kutoka hospitalini. Familia nyingi za Kisii na Nyamira humuuguza nyumbani. Nyingine, hasa ambazo watoto wanafanya kazi mbali, hutafuta kituo cha kumtunza. Uzuri wa jengo pekee usiwaamulie.

Anza na leseni. Kituo kinachotoa matibabu sharti kiwe na leseni ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC). Hakikisha haijapitwa na wakati. Uliza kama mtaalamu wa fiziotherapia amesajiliwa, huja mara ngapi kwa wiki, na nani hubaki zamu ya usiku.

Kisha watazame wazee wenyewe. Asiyeweza kujigeuza kitandani hufaa kugeuzwa takriban kila saa mbili. Asipogeuzwa, hupata vidonda. Je, wanasaidiwa kuketi na kutembea, au wamelazwa mchana kutwa? Je, yupo mhudumu anayezungumza Ekegusii? Mzee asiyeeleweka hawezi kueleza anaumwa wapi. Rudi siku nyingine wakati wa chakula, bila kutoa taarifa.

Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinawapa wazee, yaani waliofikisha miaka 60, haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kutunzwa na familia pamoja na serikali. Ukishuhudia mzee akidhulumiwa, mjulishe chifu au piga ripoti katika kituo cha polisi.