Kichocho ukeni: Ugonjwa wa majini unaodhaniwa wa zinaa, na unavyohusishwa na VVU

Kutokwa na damu baada ya tendo la ndoa. Uchafu ukeni usioisha. Maumivu chini ya kitovu. Mwanamke mwenye dalili hizi mara nyingi hupewa dawa za magonjwa ya zinaa, na akirudi nyumbani maswali yanaanza: umeutoa wapi?

Kwa aliyekulia maeneo yenye kichocho, jibu linaweza kuwa mtoni alikokuwa akichota maji tangu utotoni.

Unaupataje?

Wengi wanakijua kichocho kwa dalili moja tu, kukojoa damu. Vimelea vyake hukua ndani ya konokono wa majini, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua au anayelima mpunga. Ni suala la dakika chache tu, na wengi hawahisi chochote.

Mwilini vimelea hivyo vinakuwa minyoo na kukaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu. Mayai yake mengine hutoka na mkojo. Mengine hunasa kwenye kuta za uke na mlango wa kizazi, na hapo ndipo shida inapoanza.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa wanawake na wasichana wapatao milioni 56 Afrika kusini mwa Sahara wana tatizo hili. Kichocho cha mkojo kipo Unguja, Pemba, Kwale, Kilifi na Tana River, miongoni mwa sehemu nyingine.

VVU inahusikaje?

Kwanza ieleweke: maji hayaambukizi VVU. Virusi hivyo hupita kwa ngono isiyo salama, kwa damu, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto.

Ila mayai yaliyonasa huacha michubuko na mishipa dhaifu inayovuja damu kirahisi. Mwili nao hupeleka askari wake wa kinga kupambana na mayai hayo, zikiwemo chembe za CD4. Hizo CD4 ndizo hasa VVU huzivamia. Kwa hiyo virusi vikifika hapo, vinakuta ngozi imechubuka na chembe vinazozitaka zimejaa.

Utafiti uliofanyika vijijini Zimbabwe na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa wanawake wenye kichocho cha ukeni walikuwa na uwezekano wa karibu mara 3 wa kukutwa na VVU kuliko wasio nacho.

Hata hivyo, tafiti zilizofuata hazijatoa jibu moja. Baadhi zimeuona uhusiano huo, nyingine hazikuuona. Tena, kumpima mtu magonjwa mawili siku moja hakuonyeshi lipi lilianza.

Lakini hakuna haja ya kusubiri wanasayansi wamalize mjadala. Kichocho hiki peke yake kinaweza kusababisha ugumba, mimba kuharibika au kutunga nje ya kizazi.

Ufanye nini?

• Mwambie daktari au nesi kama umewahi kuishi karibu na mto, bwawa au dimbwi na kuyatumia maji yake. Wengi hawaulizwi.

• Usitegemee kipimo cha mkojo peke yake. Mayai yanaweza kuwa yamenasa ukeni na mkojo ukaonekana safi. Kuchunguzwa mlango wa kizazi kunasaidia.

• Dawa yake ni vidonge vya prazikwanteli, na dozi hupimwa kwa uzito. Vinaua minyoo, ila makovu ya zamani huenda yasiondoke. Ndiyo maana kumtibu msichana mapema ni bora.

• Ukirudi kwenye maji yaleyale, unaweza kuambukizwa upya.

• Pima VVU pia. Kondomu bado ni kinga muhimu, na aliyekutwa navyo aanze ARV mapema.

Na kwa wanaume: dalili hizi si ushahidi wa usaliti. Kabla ya kugombana, nendeni kupima wote wawili. Kichocho hakichagui jinsia.