Ukuta wa Mshipa Unapokakamaa

Kazi yangu ni kupima moyo kwa eko, hapa Mwanza. Nikikuta chumba cha kulia cha moyo kimetanuka hadi kinambana mwenzake wa kushoto, najua mgonjwa amefika kwa kuchelewa. Mara nyingi ugonjwa haukuanzia moyoni. Moyo umechoka kusukuma damu kwenye ateri za mapafu zilizokakamaa.

Presha ya ateri hizo haionekani kwa kipimo cha mkononi. Mtu mzima akiwa amepumzika, wastani wake ni kama milimita 14 za zebaki, na tangu 2018 wataalamu wanahesabu kuwa imepanda ikizidi 20. Zamani walisubiri ifike 25.

Wagonjwa wengi huambiwa kwamba mishipa imebana na dawa itailegeza. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya habari. Seli za ukuta wa ateri zimeshikiliwa na kiunzi cha protini. Elastini huuwezesha ukuta kutanuka na kurudi kila moyo unapopiga; kolajeni huupa uimara. Katika ugonjwa huu vimeng'enya huikatakata elastini, kolajeni huongezeka, na nyuzi zake hufungamanishwa zikawa ngumu. Tenasini-C, protini ambayo ni adimu kwenye ateri yenye afya, hujitokeza na kuzichochea seli za misuli zizaliane. Tena seli zenyewe huuhisi ugumu huo, na zikiuhisi hutengeneza kolajeni zaidi. Ndiyo maana ukuta huzidi kukakamaa. Sildenafili, moja ya dawa hizo, hulegeza misuli ya ateri. Nyuzi zilizokwisha kufungamana haizifungui.

Sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria tuna sababu yetu ya kulijali jambo hili: kichocho cha tumbo. Minyoo hukaa kwenye mishipa ya utumbo, mayai hunasa kwenye ini na kuliachia makovu. Presha ya mshipa wa ini ikipanda, damu hutafuta njia za pembeni, na mayai huweza kupita humo hadi mapafuni. Seli za kinga huyafuata zikiwa na thrombospondini-1, protini ya kiunzi hichohicho. Hiyo huiamsha protini nyingine, TGF-beta, iliyokuwa imelala, na TGF-beta huchochea ujenzi wa kolajeni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa panya waliozuiliwa thrombospondini-1 walikingwa na presha ya mapafu.

Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya presha ya ateri za mapafu, sotatersepti, sindano inayonasa aktivini, protini ya ukoo mmoja na TGF-beta. Katika majaribio, waliochomwa walitembea takriban mita 40 zaidi kwa dakika 6 kuliko wenzao. Nimefurahi sana, ingawa kwa mvuvi wa huku bado ni dawa ya mbali. Lakini prazikwanteli, dawa ya kichocho, ipo, na huua minyoo kabla ini halijaharibika. Kwa hiyo kijana wa ziwani akija kwangu anahema kwa kupanda ngazi tu, huwa namuuliza kama amewahi kutibiwa kichocho, na nikimaliza moyo nashusha kifaa niliangalie ini.