Hekalu la Mawe Bila Nondo

Fundi yeyote hapa Rhonda atakwambia kwamba ghorofa bila simiti na nondo ni hatari tupu. Lakini je, wajua kwamba kule Thanjavur, kusini mwa India, kuna hekalu la mawe ya graniti lililokamilika mwaka wa 1010, na mpaka leo watu wanaabudu humo? Lilijengwa na mfalme Rajaraja wa Kwanza, na mnara wake una urefu wa mita 60 hivi. Limesimamaje miaka yote hiyo?

Siri ni uzito. Mafundi walichonga kila jiwe lilingane na mwenzake, wakayapanga safu juu ya safu. Kila safu iliingia ndani kidogo kuliko ile ya chini, mpaka mnara ukafungika kileleni. Jiwe la juu hulikandamiza la chini, nalo halina pa kwenda.

Umbo nalo lina maana yake. Mnara ni mfano wa mlima, makao ya miungu. Chini yake mna chumba kidogo cha giza kisicho na dirisha, ambamo sanamu takatifu huwekwa. Kwa Kisanskriti huitwa garbhagriha, yaani nyumba ya mimba. Mbele yake ni ukumbi wa nguzo. Basi mwenye kuabudu hutoka kwenye mwanga na makelele ya nje, akaingia polepole penye giza na utulivu.

Utasema, "Aa, India ni mbali!" La hasha. Mwaka wa 1999 hekalu la Swaminarayan lilifunguliwa Nairobi. Mawe yake ya manjano kutoka Jaisalmer yalichongwa India, yakaletwa kwa meli, kisha yakaunganishwa huku kipande kwa kipande.

Tena tukumbuke: kati ya 1896 na 1901 Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kujenga reli, na 2,500 hivi wakafa kazini. Reli hiyo ilifika Nakuru mwaka wa 1900, na mji wetu ukakua kando yake. Je, ni haki kupita nje ya hekalu na kusema, "Hayo ni ya Wahindi, hayatuhusu"?

Siku moja ukikaribishwa, vua viatu, ingia kwa adabu, uulize. Na kama wewe ni mtoto wa fundi kama mimi, tazama kwanza pale jiwe linapokutana na jiwe. Kazi nzuri ya mikono haina kabila.