MBOGA WAKATI WA KIANGAZI: MAJI YAFANYE KAZI MARA MBILI

 

Kila Januari na Februari, visima vikipungua maji, tunaona jambo moja kliniki. Mama analeta mtoto wa mwaka mmoja, viganja vimepauka. Ukimwuliza mtoto anakula nini, anajibu: "Ni uji na ugali kwa chai, sista. Mboga imekauka, na ya soko ni ghali." Mama huyu si mvivu. Ameteka mtungi wa lita 20 mbali, hawezi kuumwaga shambani.

Lakini maji hayo yanaweza kufanya kazi mara mbili. Chukua gunia kuukuu la kilo 90. Changanya sehemu mbili za udongo na moja ya samadi iliyooza. Simamisha mkebe usio na matako katikati ya gunia, ujaze kokoto, zungushia udongo, kisha uvute mkebe juu na kujaza tena mpaka gunia lijae. Maji yatapitia kokoto hizo hadi chini. Toboa matundu pembeni, shibiri moja kati ya moja na jingine, upande sukuma wiki au mchicha. Funika juu kwa nyasi kavu ili jua lisinyonye unyevu.

Mwagilia asubuhi au jioni kwa maji uliyooshea mboga na nafaka. Maji ya nepi au yenye dawa ya kung'arisha nguo usiyatumie kwa mboga.

Maji ya bafu yaelekeze kwenye shina la ndizi, upande wa magharibi wa nyumba. Ndizi zikikua, kivuli chake kitazuia jua la alasiri, na nyumba ya mabati itapungua joto. Angalia tu dimbwi lisibaki, kwa maana yai la mbu hugeuka mbu kwa wiki moja hadi mbili, na malaria huzidi kumaliza damu ya mtoto.

Mboga uioshe kwa maji safi, uikate, uipike dakika chache sufuria ikiwa imefunikwa. Kuni zitapungua, na vitamini nyingi zitabaki. Mtoto aliyetimiza miezi 6 mpondee laini. Kamulia ndimu ili mwili upate madini ya chuma vizuri. Chai usimpe pamoja na chakula, kwani huzuia madini hayo.

Bustani haichukui nafasi ya kliniki. Ukiona viganja vimepauka, au mtoto anahema haraka, mlete siku hiyo hiyo. Tena usisahau matone ya vitamini A kila miezi 6, hadi afikishe miaka mitano.

Basi anza gunia lako mvua ikiwa bado ipo, usingoje Januari. Hadi wiki ijayo, mimi ni muuguzi wenu. Kwaherini.