Silikoni ya Luthuli si silikoni ya chipu

WIKI jana nilipita Luthuli Avenue, katikati mwa jiji la Nairobi, kununua kava ya simu. Muuzaji aliikunja, akaiachilia, ikarudi ilivyokuwa. "Hii ni silikoni, mzee. Haiwezi kuvunjika," akanihakikishia.

Jioni hiyo, mtaani Kilimani, mwanafunzi wangu wa tafsiri alinionyesha sentensi yake: "Chipu ya kompyuta hutengenezwa kwa silikoni." Nikamuuliza silikoni ni nini. "Si ni ile raba ya kava?"

Sikumlaumu. Kiingereza kina maneno mawili yanayotofautishwa na herufi moja ya mwisho: 'silicon' na 'silicone'. Sisi tumeyapokea yote kwa umbo moja, silikoni.

Silikoni ya kwanza ni elementi, alama yake Si, namba 14. Ni ngumu, hung'aa, na ukiigonga huvunjika. Hupitisha umeme kwa kiasi, na kiasi hicho chaweza kudhibitiwa. Ndiyo maana chipu huundwa kwayo. Ndiyo pia iliyolipa jina bonde la California, na Nairobi ikaiga kwa kujiita 'Silicon Savannah', jina lililovuma baada ya kituo cha iHub kufunguliwa Ngong Road mwaka 2010.

Ya pili ni zao la kiwandani ambamo elementi hiyo huunganishwa na oksijeni, kaboni na haidrojeni. Hiyo ndiyo ya kava, na ya gundi ambayo mafundi wa Kawangware huzibia vioo vya madirisha.

Asili ya jina ni neno la Kilatini 'silex', yaani gumegume, jiwe la kutolea cheche. Na kuna mtego mwingine: silikoni ikiungana na oksijeni pekee huitwa silika, nayo imejaa mchangani. Ilhali silika tuijuayo tangu jadi ni tabia ya kuzaliwa nayo!

Tufanyeje basi? Naona 'silikoni' ibaki jina la elementi, na zao lake litajwe kwa ukamilifu: mpira wa silikoni, gundi ya silikoni. Muuzaji wa Luthuli aendelee kusema atakavyo, maana mnunuzi anakishika kitu mkononi. Msomaji wa tafsiri ana neno tu. Likimpotosha, atadhani kompyuta yake inaendeshwa na raba.