Kinyama cha Nyongo Kisikusahaulishe Ini

Ufukweni Matema, Kyela, mama anayepasua samaki aitwaye mbasa hukata kwa kasi mpaka kisu kinapokaribia ini. Hapo mkono hutulia. Kifuko cha kijani kilichojibana pale kikipasuka, mboga yote inakuwa chungu. Ndiyo maana Waswahili husema nyongo mkalia ini. Mwilini mwetu namo ni hivyo hivyo: ini hutengeneza nyongo, na mfuko wake huihifadhi mpaka tule chakula chenye mafuta.

Ujirani huo umezua swali linalowanyima wengi usingizi: "Daktari, nina homa ya ini, na sasa altrasaundi imeonyesha kinyama kwenye nyongo. Kirusi kimehamia huko?"

Tuanze na kirusi chenyewe. Homa ya ini si homa ya manjano, ingawa zote zinaweza kugeuza macho kuwa ya njano. Virusi vya A na E huenea kwa maji na chakula vilivyoingiwa na kinyesi, hatari inayoongezeka mito ya Kyela inapofurika na maji kuingia vyooni. Kwa kawaida mgonjwa hupona, ingawa E ni hatari kwa mjamzito. B na C hupita kwenye damu. B huambukizwa pia kwa ngono, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Hivi viwili vinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili, huku vikilitafuna ini hadi kusinyaa au kupata saratani.

Sasa turudi kwenye kinyama. Kitaalamu huitwa polipu, na huota kwenye ukuta wa ndani wa mfuko wa nyongo. Vinyama vingi ni kolesteroli iliyojikusanya ukutani, wala si saratani. Baadhi ya tafiti za Asia ya Mashariki zimevikuta zaidi kwa wenye kirusi cha B, lakini nyingine hazikuona tofauti. Tukumbuke pia kwamba mwenye homa ya ini B hupigwa altrasaundi mara nyingi kuliko jirani yake, na wengine hutakiwa kupimwa kila miezi 6 ili saratani ya ini igunduliwe mapema. Anayetega nyavu kila usiku huvua samaki wengi kuliko anayetega mara moja kwa mwezi, hata kama ziwa ni lile lile.

Kinachoamua hatua ya kuchukua ni ukubwa. Miongozo ya wataalamu wa Ulaya ya mwaka 2022 inashauri mfuko wa nyongo utolewe kwa upasuaji kinyama kikifika milimita 10, ikiwa mgonjwa anamudu upasuaji. Cha milimita 6 hadi 9 huangaliwa pamoja na vihatarishi vingine, kama umri uliozidi miaka 60 au kinyama kilicholala bapa ukutani. Cha milimita 5 au chini, bila kihatarishi, hakihitaji hata kufuatiliwa. Homa ya ini B haimo kwenye orodha hiyo ya vihatarishi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, hofu yako ielekeze kwenye ini. Mtoto mchanga akiambukizwa B, uwezekano wa kubaki nayo maisha yote hufika asilimia 90. Kwa mtu mzima hauzidi asilimia 5. Ndiyo sababu mtoto hafai kukosa hata moja kati ya chanjo za B za kliniki, za wiki ya 6, 10 na 14, na mjamzito apimwe mapema. Mtu mzima ambaye hakuchanjwa utotoni naye apimwe. Akiwa salama, achanjwe. Akikutwa na B, zipo dawa za kukidhibiti kirusi. Akiwa na C, zipo za kumponya kabisa.

Ukipewa karatasi ya altrasaundi, usiinuke kabla ya kuuliza maswali mawili: kinyama kina milimita ngapi, na ini langu lilipimwa lini mara ya mwisho? La pili ndilo linaloweza kuokoa maisha yako.